Midiria wa Nairobi: wapatikane wapi, na wapigwe picha vipi bila kusumbuliwa?

PanziWaAthi

Wadau, salaam. Naomba mwongozo kuhusu midiria (kingfisher). Nina kamera ya APS-C (ile ya kihisi cha mwanga kidogo) na lenzi ya milimita 100-400, na mara nyingi nazunguka mabwawa ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, hasa Hyena Dam kwa kuwa ni karibu na lango kuu. Yule mdogo wa buluu mwenye mdomo mwekundu huondoka kabla gari halijasimama, na hata akikubali kukaa, picha hutoka doa la buluu lisilo na jicho. Yule mweusi na mweupe naye hutoka mweupe pee, unyoya mmoja hauonekani.

Kuna mengine mawili. Upande wa Kitengela kuna ukingo wa mto wenye matundu ambayo nashuku ni ya midiria, na nimeshauriwa nisimamishe kihema cha kujifichia mbele yake. Halafu kuna mwenye boti Naivasha anayeuza "picha ya uhakika": beseni la samaki wadogo limezamishwa chini ya kijiti alichokichomeka mwenyewe. Haya yanafaa au niachane nayo? Na ukitoka mbugani, ni wapi kwingine hapa jirani?

Mafunjo

Boss, acha kumtafuta ndege, tafuta kijiti. Mdiria wa majini ana vijiti vyake viwili vitatu anavyorudia asubuhi nzima, na ukishavijua, kazi iliyobaki ni kuegesha gari vizuri na kungoja.

Kijiti kinachotumika hujitambulisha. Chini yake utaona michirizi myeupe ya kinyesi kwenye matete au jiwe, na juu yake magamba ya samaki yaliyokauka, kwa sababu ndege humgonga samaki hapo mpaka atulie, kisha humgeuza na kummeza kichwa kwanza. Mara nyingine utakuta kidonge cha mifupa kilichotapikwa, chepesi na cha kijivu. Chukua darubini (8x42 inatosha), pitia ukingo wote polepole ukitazama vijiti tu. Kwa yule mdogo, *Corythornis cristatus*, angalia matete na vijiti vilivyo chini ya mita 1 juu ya maji, pale maji ni ya kina kifupi na unaona chini. Mara nyingi masikio humpata kabla ya macho: anapiga mlio mmoja mkali, mfupi, akiwa anapita chini chini juu ya maji.

Sasa kwa nini anakukimbia. Ndege aliyekwisha kutua akaona gari linamjia, anahesabu umbali unavyopungua. Akilikuta gari limezimwa tayari, hulichukulia kama kichaka. Kwa hiyo tangulia wewe. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na jua la Nairobi huchomoza kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 40 hivi, kutegemea mwezi. Nenda moja kwa moja kwenye kijiti ulichokitambua siku iliyotangulia, simama barabarani mita 8 hadi 10 kutoka kwake kama barabara inaruhusu, teremsha kioo, weka lenzi tayari, zima injini na redio, kisha tulia. Mpe saa nzima. Watu wengi wa pale bwawani huondoka baada ya dakika 10, ndipo ndege anarudi.

Usitoe mkono dirishani, na usichomoze kichwa juu ya paa. Gari amelizoea, umbo la mtu hajalizoea. Zile van zenye paa la kufunguka zina tatizo la pili pia: unapiga kutoka juu, nyuma ya ndege yanabaki maji ya tope tu, na kila abiria akijigeuza gari lote linatikisika. Dirisha la gari dogo ni bora mara dufu.

Jambo moja ambalo wengi hawaliwekei maanani ni rangi ya maji. Baada ya mvua kubwa, mito hugeuka chai ya maziwa na mdiria haoni kitu. Anahamia mahali tope limekwisha kutuama, na hapo ndipo mabwawa hushinda mito. Ukikuta mto Mbagathi umechafuka, usipoteze petroli kuufuata, nenda kwenye mabwawa ya mbugani, Nagolomon au Athi Dam.

Kuhusu kwingine. Mkubwa kuliko wote, *Megaceryle maxima*, sentimita 40 na ushei, mtafute penye mto na miti mikubwa. Hippo Pools ndani ya mbuga ni pahali pazuri, na pale unatembea kwa miguu ukiwa na askari wa KWS (shirika la wanyamapori), usiende peke yako, kuna viboko na mamba. Dume ana kifua cha rangi ya kahawia-nyekundu, jike rangi hiyo iko tumboni. Karura jaribu Lily Lake na vijito vyake. Ondiri kule Kikuyu ni kinamasi chenye matete mengi, ila usikanyage yale majani yanayoelea, chini yake ni maji. Naivasha ni kilomita 90 hivi na midiria weusi na weupe wamejaa tele. Kama unataka kujifunza milio kwanza, matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya yanayoanzia Makumbusho ya Taifa yatakufaa kuliko kujifungia nyumbani na programu ya simu.

ShataPolepole

Nichukue upande wa kamera, maana hilo "doa la buluu lisilo na jicho" lina sababu tatu na zote zinarekebishika.

Ya kwanza ni umbali, tena hesabu yake si ngumu. Yule mdogo wa buluu ana sentimita 13 tu kutoka ncha ya mdomo hadi mkia. Kwa milimita 400 ukiwa mita 8, anachukua milimita 6.5 hivi za kihisi, na kihisi cha APS-C kina upana wa milimita 23 na kitu. Hiyo ni zaidi ya robo ya picha, inatosha kabisa. Ukiwa mita 20 anabaki milimita 2.6, yaani sehemu ya kumi hivi. Hapo hakuna mpangilio wa kamera utakaokuokoa. Piga moja ya kumbukumbu halafu ngoja.

Ya pili ni fokasi kushika majani. Matete yaliyo mbele ya ndege yana mistari mikali na kamera inayapenda. Usitumie eneo pana la fokasi, chagua nukta moja ndogo, iweke kwenye jicho, na hamisha kazi ya fokasi kutoka kitufe cha shata hadi kitufe cha nyuma. Mita 8 kwa milimita 400 na tundu la lenzi f/6.3, kina cha ukali (unene wa eneo linalotoka bila ukungu) ni sentimita 15 hivi kwa kihisi kikubwa, kwako kinapungua hadi kama 10. Ukishika mkia, jicho limeenda.

Ya tatu ni mtikisiko. Hata injini ya gari la jirani inatosha kuharibu. Kwa ndege aliyetulia, kasi ya shata ya sekunde 1/500 na mfuko wa maharagwe dirishani inafaa. Punguza hadi 1/250 tu kama mwanga bado ni hafifu, na upige tatu nne kwa mkupuo, mojawapo itakuwa safi. Acha ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ijipandishe, weka kikomo 6400. Chembechembe za ISO husafishika kwenye kompyuta, ukungu wa mtikisiko hausafishiki.

Mwanga: rangi ya buluu ya mdiria haitokani na rangi iliyomo kwenye unyoya bali muundo wa ndani wa unyoya unaovunja mwanga, ndiyo maana picha mbili za ndege yuleyule zinaweza kutofautiana sana. Jua likiwa nyuma yako, chini, buluu inawaka. Likiwa juu ya kichwa, mgongo unang'aa na tumbo linakuwa jeusi. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua linapanda haraka. Ikifika saa 3 na nusu asubuhi siku ya mbingu safi, funga lenzi, kanywe chai. Siku za Julai zenye mawingu ya kijivu, ambazo kila mtu Nairobi anazilaumu, ndizo za kupiga picha mpaka adhuhuri.

Huyo mweupe pee ni *Ceryle rudis*. Kamera inaona maji meusi yamejaa kwenye fremu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na weupe wa ndege unaungua. Weka fidia ya mwanga -0.7, na ikiwa maji ni meusi kabisa -1. Piga RAW (faili ghafi ya kamera). Washa onyo la sehemu zilizoungua, lile linalometameta kwenye kioo, na ukiliona kifuani punguza tena theluthi moja. Akiwa dhidi ya anga jeupe, mambo yanageuka: weka +0.7.

Yeye ndiye mwalimu mzuri wa picha za mwendo, kwa sababu huelea hewani papohapo akipiga mbawa kabla ya kuzama. 1/2000 inazuia mwili, mbawa zinahitaji 1/3200. Anapoelea huelekeza uso kwenye upepo. Upepo wa Nairobi kwa kawaida hutoka upande wa mashariki, na jua la asubuhi nalo liko mashariki, basi ukiegesha ukingo wa mashariki wa bwawa unapata vyote: mwanga mgongoni kwako na ndege anakutazama. Ukikaa ukingo wa magharibi utapata mikia mizuri mno.

Kwenye kuzama usimkimbize kwa lenzi, hutamuweza. Akishaanguka, shikilia pale maji yaliporuka, atatokea hapohapo, na picha ya kutoka na samaki ni rahisi kuliko ya kuingia. Kama kamera yako ina shata ya elektroniki, kimya chake ni kizuri kwa ndege aliyetulia, lakini kwa mbawa zinazopiga, shata nyingi za aina hiyo hupinda mistari, mbawa inatoka kama imevunjika. Rudi kwenye shata ya mitambo.

Ukingo

Mimi nataka kuongea juu ya yale matundu, kwa sababu hapo ndipo watu wazuri huharibu bila kujua.

Kwanza hakikisha ni ya nani. Keremkerem (bee-eater) nao huchimba kwenye kingo kama hizo. Kwa darubini, ukiwa ng'ambo ya mto, angalia mdomo wa tundu. Mifereji miwili midogo chini ya mlango, iliyochimbwa na miguu ya kuingia na kutoka, maana yake tundu linatumika. Ukiona uchafu mweupe umetiririka na mabaki ya samaki, ni mdiria. Ukiona mabawa ya nyuki na kereng'ende yametawanyika chini, ni keremkerem. Buibui akiwa ametanda mlangoni, hakuna mtu nyumbani.

Kisha mwangalie ndege mwenyewe. Akibeba samaki kichwa kikiwa kimeelekea mdomoni mwake, anakula yeye. Akimbeba kichwa kikiwa kimeelekea nje, anampelekea mwenzake au makinda. Hiyo ni dalili ya wazi kuliko zote na inaonekana hata kwenye picha ya mbali. Ukiiona, swali la kihema limekwisha: usikisimamishe. Miezi ya kuzaa haifanani kila mahali, kwa hiyo amini dalili hizi kuliko kalenda.

Sababu zenyewe ni hizi. Njia ya tundu huingia ndani ya ukingo kwa mita 1 hadi 2 kwa yule mweusi na mweupe, na chumba cha mayai kiko mwishoni. Mtu anayesimama juu ya ukingo "kuchungulia tu" amesimama juu ya paa la chumba, na udongo wa kichanga haubebi. Pili, nyasi ulizozilaza ukienda na kurudi ni njia, na kenge na watoto wa ng'ambo ya mto wote wanajua kufuata njia. Tatu, mzazi aliyezuiwa hapigi kelele muda wote. Anakaa na samaki wake mdomoni kwenye tawi la mbali, anainua kichwa na kukishusha, anaruka kupita mlango bila kuingia. Mpiga picha anafurahi kwamba ndege "ametulia" na samaki. Ametulia kwa sababu yako. Ukiona hivyo mara mbili mfululizo, kunja vitu uondoke, usingoje hata dakika 5.

Tena midiria hawa weusi na weupe huwa na wasaidizi. Utafiti wa Heinz-Ulrich Reyer kwenye makoloni ya Naivasha na Ziwa Victoria ulionyesha kwamba madume wasio na jike huwasaidia wazazi kulisha makinda, wengine wakiwa ni wana wa wazazi hao, wengine si ndugu kabisa. Kwa hiyo ndege wanne karibu na tundu moja wanaweza kuwa kaya moja, na kihema chako kinawafungia mlango wote.

Ukitaka picha hapo, kaa ng'ambo ya mto, mita 30 au zaidi, chini, nguo za rangi ya udongo, na elekeza lenzi kwenye tawi wanalotua kabla ya kuingia, si kwenye tundu. Tawi hilo lina picha nzuri kuliko shimo. Na kama shamba lina mwenyewe, anza na mwenyewe. Mkulima anayejua kwamba ukingo wake una ndege huwa mgumu zaidi kumruhusu mtu anayevuna mchanga aubomoe.

Mafunjo

Ukingo amemaliza. Nijibu la beseni: achana nalo. Mdiria huzama kichwa kwanza kwa kasi kwenye kina anachokikadiria kwa macho, na beseni lina sakafu ngumu ambayo hakuizoea. Samaki wenyewe wakitoroka ni tatizo jingine, maana Naivasha imekwisha kujaa wageni (wale kamba wa Louisiana waliingizwa mwaka 1970). Na ndani ya mbuga za KWS usijaribu hata kuchomeka kijiti.

ShataPolepole

Hapo kwenye kijiti sikubaliani nawe kikamilifu, mkuu. Ndani ya mbuga, hapana kabisa. Lakini kwenye bwawa la shamba, kwa ruhusa ya mwenyewe, kijiti kilichochomekwa bila chambo hakimlazimishi ndege chochote, akitaka anatua, asipotaka anapita. Masharti ni mawili: kisiwe karibu na tundu, na uking'oe ukiondoka. Na kama umekiweka, sema hivyo chini ya picha. Beseni na samaki waliofungwa uzi, hiyo nakubali nawe, ni udanganyifu. Kumwita kwa sauti iliyorekodiwa vilevile: anaacha kuvua, anakuja kugombana na adui ambaye hayupo.

PanziWaAthi

Asanteni sana, wakuu. Mawili ya mwisho. Kuna mdogo mwingine wa buluu na machungwa ninayemwona kwenye miiba, mbali kabisa na maji. Ni yuleyule amepotea? Na huo mfuko wa maharagwe unatengenezwaje, wa dukani bei yake inatisha.

Ukingo

Hajapotea, ni mwingine: *Ispidina picta*, anakula wadudu, maji hayamhusu. Tazama kichwa. Wa majini, kofia yake ya buluu inashuka mpaka kwenye jicho. Huyu ana nyusi ya rangi ya machungwa kati ya kofia na jicho, na doa la zambarau shavuni. Wa majini akiwa kinda ana mdomo mweusi badala ya mwekundu, usije ukamwita spishi mpya.

Wapo wengine wa nchi kavu pia. *Halcyon chelicuti*, yule wa michirizi ya kahawia, hukaa kwenye migunga akisubiri panzi, na hufungua mbawa akiimba. *Halcyon leucocephala* ana kichwa cha kijivu, tumbo la kahawia-nyekundu, na huhamahama, kwa hiyo kuna miezi hutamwona kabisa. Kwa hawa sahau bwawa. Tafuta tawi kavu lisilo na majani, mita 2 hadi 4 kutoka chini, pembeni mwa uwanja wenye nyasi fupi.

ShataPolepole

Mfuko: kata mguu wa jinzi kuukuu, urefu wa sentimita 35, shona upande mmoja kwa uzi wa nailoni mara mbili. Tia kilo 2 hadi 2.5 za maharagwe makavu, mpaka theluthi mbili tu. Ukijaza hadi juu unakuwa mgumu na lenzi inabiringika. Ukiacha nafasi, unaukalia mlango wa gari pande zote mbili, huku na huku, na lenzi inazama katikati. Shona mdomo, au weka zipu kama unataka kuyatoa. Usitumie mchanga, unapenya kwenye mshono mpaka kwenye pete ya zumu. Ukilowa mvua, yatoe yote uyaanike siku hiyohiyo, maharagwe huota.

Mafunjo

Kabla hujaweka picha mtandaoni, zima GPS ya kamera au ya simu iliyounganishwa nayo, na ukague faili. WhatsApp ikituma kama picha kwa kawaida hufuta taarifa hizo, ukituma kama hati zinakwenda zote, pamoja na mahali. Kwa picha yoyote ya karibu na tundu, andika "Kajiado" basi. Ukitaka taarifa zako ziwafae watafiti, ziingize Kenya Bird Map kwa programu ya BirdLasser. Ramani hiyo hupanga ndege kwa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, haimwelekezi mtu kwenye ukingo wenyewe.